Kutoka Zaraninge hadi Amani: Mafunzo Niliyopata kwa Gari na Hema

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wakisikia habari ya kwenda kulala porini, akili yao huenda Mikumi au Serengeti. Sisi tulikuwa watu watano, yaani mimi, kaka yangu, wifi yangu na watoto wao wawili, na tuliamua kuifuata pwani kwenda kaskazini. Tuliingia Hifadhi ya Saadani kwa njia ya Mandera, tukaanzia msitu wa Zaraninge, tukashuka ufukweni, tukapanda na pwani kupitia Mkwaja hadi Ushongo, tukavuka Mto Pangani kwa pantoni, kisha tukaipa bahari kisogo na kupanda Usambara Mashariki hadi Amani. Gari lilikuwa Land Cruiser ya kaka, ya zamani lakini inayotunzwa. Ilikuwa Juni: masika yamekwisha, kusi limeshika.

Tangu turudi, watu wananiuliza njia, gharama, na kama gari lao litaweza. Nawajibu kwa mafunzo haya. Yote yanatokana na jambo moja ninaloliamini kabisa: katika pwani hii ratiba hupangwa na maji, yaani maji ya bahari, ya mvua na ya mito, na gari hata liwe imara namna gani linafuata.

1. Tazama mwezi kabla hujafungua ramani

Maji ya bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa kama dakika 50. Mkazi wa pwani halihitaji somo hilo. Anayetoka bara huwa hajui ukubwa wa mabadiliko yenyewe. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huku kwetu hupita mita tatu. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana. Kwa hiyo kijito ulichokivuka asubuhi kwa miguu mikavu, mchana kinaweza kuwa mlango wa bahari.

Kaskazini ya Mkwaja tulikikuta kimoja, kimepita katikati ya mikoko, hakikuwa kipana. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kaka alivua viatu akaingia kupima. Maji yalimfika gotini, na gari letu huvuka zaidi ya hapo. Pembeni wavuvi walikuwa wakishona nyavu kivulini. Tukaenda kuwaamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Mnavuka?"

Kaka akamwambia maji ni ya gotini tu. Yule mzee hakubisha. Alimshika mkono akampeleka kwenye mkoko wa karibu, akamwonyesha shina. Juu palikuwa na tope kavu la kijivu, chini palikuwa pamelowa, na katikati konokono wadogo weusi walikuwa wakipanda, mmoja nyuma ya mwenzake, polepole kabisa. "Hawa wanayakimbia maji," alisema. "Yanajaa. Utaingia kwa goti, katikati utayakuta kifuani. Na huko chini si mchanga, ni tope."

Tukangoja. Wifi aliinjika chai, babu akanywa nasi, na hela hakutaka hata kuiona. Saa saba mchana maji yalikuwa yamejaa pomoni, na pale alipokuwa amesimama kaka palikuwa na mtumbwi unapita. Saa kumi na moja jioni vijana wawili wa pale walitangulia mbele ya gari, wakikanyaga kutuonyesha mchanga mgumu, tukavuka kwa gia nzito bila hata kulowesha milango. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wamewachunguza konokono hao kwenye hori ya Mida, Kenya, na wakathibitisha kwamba hupanda miti kabla maji hayajawafikia. Babu alikuwa anaijua elimu hiyo tangu utoto wake.

Siku hizi kabla ya kupanga safari naandika kwenye daftari saa za kujaa na kupwa kwa kila siku nitakayokuwa pwani, na vivuko vyote naviweka kwenye wiki ya maji mafu.

2. Udongo mweusi husubiriwa

Sehemu kubwa ya Saadani iko juu ya udongo mweusi wa mbuga. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mguu, na gari hupita juu yake kama liko kwenye lami. Ukinyeshewa hunyonya maji, huvimba, na hugeuka kitu kinachoteleza na kunata kwa wakati mmoja. Hushika tairi, hujaza meno yake mpaka tairi inakuwa laini pande zote, kisha hujipanga ndani ya madigadi. Sisi tulifika mahali tairi ya mbele ikagoma kuzunguka kwa sababu ya tope lililoshindiliwa humo. Tulilikwangua kwa panga, likitoka mapande mapande.

Fowili haisaidii sana hapo. Badala ya tairi mbili kuzunguka mahali pamoja, zinazunguka nne.

Mvua ilikuwa imepiga usiku. Asubuhi askari wa hifadhi alitushauri tusitoke kambini mpaka jua lipande, tukakaa. Kundi jingine lililokuwa na gari jipya na kubwa kuliko letu liliondoka alfajiri. Mchana tuliwakuta njiani, gari limekalia ekseli, watu wamechoka. Kulitoa kulitumalizia siku: kuweka jeki juu ya ubao isizame, kuinua tairi moja, kusukuma ubao chini yake, kwenda kwenye tairi nyingine, kisha kuvuta kwa mkanda. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kukata matawi ya kutandika, na ni haki. Kwa hiyo beba mbao zako, mbili ngumu zenye urefu wa hatua moja na nusu hivi, na koleo. Vifaa vingine vya gharama ningeviacha nyumbani kabla ya kuziacha mbao hizo.

Jua la saa tano au sita hukausha tabaka la juu, nalo hutosha kukupitisha. Anayekwenda na ratiba ya kufika leo lazima, njia ya Saadani haimfai.

3. Mchangani shusha upepo

Barabarani tairi zetu zilikuwa na upepo wa 35. Kwenye mchanga laini tulishusha hadi 18. Tairi hutanuka, hukanyaga eneo kubwa, uzito husambaa, na gari huelea pale ambapo lingechimba. Ondoka taratibu, shika mwendo mmoja, usikate usukani ghafla wala usikanyage breki kwa nguvu. Ukihisi gari linazama, acha mafuta mara moja, rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe.

Geji na pampu ya upepo ni lazima viwemo garini, kwa kuwa kabla ya kurudi barabarani unapaswa kujaza tena. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto na linaweza kupasuka. Ukimaliza bahari, osha uvungu kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

4. Msitu wa pwani hauonekani dirishani

Misitu ya pwani ya Afrika Mashariki imebaki vipandevipande, kuanzia kusini mwa Somalia hadi Msumbiji. Zaraninge ni mojawapo ya vipande hivyo, na tangu Saadani ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 umo ndani ya mipaka yake. Ukiwa garini unaona ukuta wa kijani, basi. Watoto walikwishaanza kulalamika.

Tulimwomba askari atutembeze kwa miguu. Hatua chache tu kutoka barabarani joto lilipungua, harufu ikabadilika, na kelele za gari zikabaki kuwa jambo la mbali. Mbega walikuwa juu yetu, mikia yao myeupe ikining'inia, wakitutazama bila haraka. Aliyetuongoza alisimama chini ya mti mmoja akatuonyesha tone la utomvu lililoganda kwenye gamba. Niliinama karibu kabisa: lilikuwa la manjano iliyokolea, na ndani yake palikuwa na chungu mmoja, miguu yote ikionekana.

Mti ule ni msandarusi. Katika karne ya 19 sandarusi yake, hasa ile iliyochimbwa ardhini mahali ilipokuwa misitu ya kale, ilikuwa bidhaa kubwa ya mrima huu. Ilikwenda Zanzibar, ikasafirishwa hadi mji wa Salem, Marekani, ikatengenezewa vanishi ya samani na magari ya farasi. Watu wetu waliichimba kwa majembe katika ardhi hii tuliyokuwa tumeikanyaga. Nilisoma historia ya biashara ya pwani shuleni: pembe, karafuu, watumwa. Sandarusi sikumbuki ilitajwa, na huo msitu wake ulikuwa mwendo mfupi kutoka nyumbani kwetu.

Tulikaa mle asubuhi nzima, na hakuna mtoto aliyeuliza tunaondoka saa ngapi.

5. Usiku ufukwe ni wa kasa

Hili ndilo ningetaka kila mwenye gari kubwa alisome.

Ushongo, kusini mwa mji wa Pangani, wanakijiji hulinda viota vya kasa. Baadhi ya viota hivyo havikutagwa pale. Vimehamishwa kutoka Maziwe, kisiwa kidogo kilicho baharini mbele ya pwani hiyo. Zamani Maziwe ilikuwa na mivinje, na ilikuwa moja ya sehemu muhimu kabisa za kasa kutagia nchini Tanzania. Miti ikaisha, mawimbi yakauhamisha mchanga, na kufikia miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu tupu ambalo maji ya bamvua hulifunika. Kasa bado wanakwenda. Jike hurudi kutaga katika pwani aliyozaliwa, miaka 20 au 30 baadaye na hata zaidi, naye hana habari kwamba miti haipo tena. Mayai yakiachwa kule maji yatayaua, ndiyo maana watu huyafukua kwa uangalifu, huyavusha kwa mashua, na kuyafukia upya Ushongo.

Mlinzi wa viota alitupeleka ufukweni wakati wa magharibi. Kiota kilikuwa kimezungushiwa vijiti, na kibao kidogo kinachoonyesha tarehe. Kama siku 50 hadi 60 tangu mayai kutagwa, vitoto vya kasa hutoka. Alitutaka tuzime taa zote, za kichwani na za simu, kwa sababu vitoto hivyo hufuata mwanga. Kwa asili mwanga wa usiku uko juu ya bahari. Taa ya hema au ya gari huvipeleka nchi kavu, na kukicha vinakufa kwa jua au huliwa na kaa na kunguru.

Mchanga ulitikisika, kikatoka kichwa kimoja, kisha vikamiminika. Kila kimoja kingeenea kiganjani kwa mtoto. Viliteremka kwa bidii kubwa, vikipiga mapezi. Jioni ile pikipiki ya samaki ilikuwa imepita na kuacha mfuo mmoja mchangani, kina chake hakifiki kidole. Kitoto kimoja kilidumbukia humo. Kilijaribu kupanda ukingo, kikateleza, kikajaribu tena, kisha kikaanza kuufuata ule mfuo, sambamba na bahari, kikienda pasipo mwisho. Mlinzi alipiga magoti akausawazisha ukingo kwa kiganja, kikapanda, kikaendelea na safari yake.

Huo ulikuwa mfuo wa pikipiki. Tairi ya Land Cruiser hushindilia mchanga juu ya mayai yasiyoonekana na kuacha handaki mara mbili ya mfuo ule. Tangu usiku huo msimamo wangu ni mmoja: gari lisiendeshwe juu ya mchanga mkavu ulio juu ya alama ya maji kujaa, hata kama hakuna kibao cha kukataza, hata kama kila mtu anafanya hivyo ili apate picha. Hema nalo lipigwe nyuma ya miti, mwanga uelekee chini, na moto usiwashwe ufukweni katika miezi ya kutaga na kuangua. Tulichopoteza kwa kufuata masharti hayo ni mandhari ya bahari mlangoni mwa hema tu.

6. Wadudu nao wana saa zao

Saadani ina mbung'o. Hupenda rangi ya bluu na nyeusi, hivyo vaa khaki au kijani kilichofifia, nguo nzito, na usiegeshe gari kwenye kichaka mchana. Mbu wa malaria ni wa usiku, na chandarua ndani ya hema si anasa. Amani shida yetu ilikuwa siafu. Kabla ya kupiga hema zunguka na taa utazame ardhi, na usiache ganda la ndizi nje. Wifi aliuona mstari wao kabla haujatufikia, tukahamisha hema kwa hatua arobaini, tukalala salama.

7. Uulizie msitu ambao haupo

Kati ya Mkwaja na Bweni kuna maeneo marefu ambayo hayana msitu wala kijiji, ni mkonge uliopangwa mistari, mwingine umetelekezwa. Kusini mwa Mto Pangani ndipo ilipo Kikogwe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Mingi ilikufa njiani, 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe. Kutokana na miche hiyo ukatoka mkonge wote uliotandazwa Tanga, Morogoro na Kenya, na Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa zao hilo.

Babu yetu mzaa mama alikata mkonge katika mashamba ya Tanga akiwa kijana. Zao hilo lilimsomeshea watoto, na mimi siwezi kulilaani. Lakini nilipotoka Zaraninge nikiwa bado nina ule ubaridi mwilini, nilipita katikati ya mistari ile na kuelewa kwa mara ya kwanza kwa nini vipande vya msitu vimebaki vidogo na mbali mbali. Watoto waliuliza hapa mbega wanaishi wapi. Kaka aliwajibu ukweli, kwamba hawaishi.

8. Mlimani shuka kwa gia

Kutoka Pangani tulikwenda Muheza, penye machungwa kila upande, tukaanza kupanda. Njia ya Amani ni ya udongo mwekundu, nyembamba, yenye kona kali. Kupanda si kazi. Hatari ni kushuka: breki zikikanyagwa muda mrefu hupata moto na kulegea. Kaka aliweka gia nzito, namba mbili, akauacha mguu wa breki upumzike. Ukikutana na lori la mbao au chai, anayepanda apewe nafasi.

Lango la Sigi lina nyumba ya zamani ya stesheni, kumbukumbu ya reli ambayo Wajerumani waliijenga ili kutoa mbao mlimani. Amani yenyewe iko kama mita 900 juu ya bahari, na mvua yake kwa mwaka hukaribia milimita 2,000. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea hapo mwaka 1902, na bustani yao bado ipo. Mwaka 1997 eneo lilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani.

Mwongozaji wetu, dada wa kijiji cha pale, alitupeleka kwenye mwamba uliokuwa ukidondosha maji kando ya kijito. Kwenye ufa, ndani ya kivuli kizito, kulikuwa na mmea mdogo wenye majani ya manyoyamanyoya na maua mawili ya zambarau. Huo ni Saintpaulia. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huku Usambara, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani, na sasa mmea huo unauzwa kwenye vyungu duniani kote. Mpwa wangu alinyoosha mkono. Dada akamzuia kwa upole: "Mwanangu, usimguse. Ukimtoa kwenye mwamba huu na kivuli hiki atakufa."

Kivuli ndicho kila kitu mlimani pale. Kwa miaka mingi wakulima walipanda iliki chini ya miti mikubwa wakifyeka miche midogo ili iliki ipate nafasi. Juu msitu ulionekana mzima, chini hapakuwa na warithi. Penye mapengo ukaingia Maesopsis, mti ulioletwa Amani kwa ajili ya mbao, na hondohondo wakala matunda yake na kuisambaza mbegu yake msituni kote. Dada alituonyesha tofauti: chini ya Maesopsis udongo mkavu na majani machache, chini ya miti ya asili udongo mweusi, laini, unaolowesha vidole.

Maji yanayoshikwa na udongo huo hutiririka kwenye Mto Zigi hadi bwawa la Mabayani, na ndiyo yanayofunguliwa bombani Tanga mjini. Shangazi yetu anakaa Tanga. Mwaka ambao mvua inakuwa chache hutulalamikia maji ya mgao kwa simu, na sikuwahi kuyahusisha malalamiko yake na iliki wala hondohondo.

9. Hela iishie palepale

Ada za hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo, na risiti uipate kabla hujafika langoni, kwani mtandao hukatika. Baada ya hapo kila kinachoweza kununuliwa njiani tulinunua njiani: samaki Mkwaja, nazi Ushongo, machungwa Muheza, chai Amani. Mwongozaji tulimlipa kwa siku nzima hata siku aliyotutembeza saa mbili. Chakula tulipikia gesi. Kila jioni baiskeli zilitupita zikiwa na magunia mawili au matatu ya mkaa, zinasukumwa na vijana ambao wangefurahi kufanya kazi nyingine, na mlinzi wa viota Ushongo alituambia kwamba yeye mwenyewe alianza na mkaa.

Mwakani tunarudi kwa kuanzia juu. Tutalala Amani kwanza, tuufuate Zigi hadi Tanga, tumchukue shangazi, kisha tushuke na pwani hadi Ushongo katika wiki ya maji mafu. Mlinzi amekwishatupatia namba yake, na ameahidi kutupigia atakapoona kiota cha kwanza.